Ngao, Dirii na Mwili wa Jiwe: Utafiti wa Zana za Kujikinga na Usomaji wa Visasili vya Mashujaa

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba utafiti wa zana za kale za kujikinga vitani si kazi ya wanahistoria na wahunzi pekee, bali ni sehemu ya uhakiki wa fasihi. Dai letu la msingi ni hili: anayemvisha shujaa wa kisasili zana isiyo yake huwa amekibadilisha kisasili chenyewe, hata kama hajaliondoa neno moja katika masimulizi.

Suala hili linatugusa moja kwa moja sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwani ndio tunaoandika tamthilia, tunaozielekeza jukwaani, na tunaotafsiri masimulizi ya jamii zetu kwa Kiswahili. Si ajabu kumwona shujaa wa kutoka Ziwa Viktoria akiingia jukwaani na ngao nyekundu yenye michoro myeusi na myeupe. Ngao hiyo tunaijua sote. Ndiyo iliyo katikati ya bendera ya Kenya iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, na umbo lake ni la ngao ya Kimaasai. Bendera ina haki ya kuchagua ishara moja kwa niaba ya taifa zima. Mtafiti hana ruhusa hiyo.

Tumechagua kuanzia Luanda Kotieno, kwenye ncha ya rasi ya Uyoma, eneo la Rarieda katika Kaunti ya Siaya, mahali ambapo feri huvuka ziwa kuelekea Mbita. Sababu za uchaguzi huu ni mbili. Kwanza, jina lenyewe ni somo: kwa Dholuo, luanda (au lwanda) ni mwamba, na Luanda Kotieno ni mwamba wa kwa Otieno. Neno hilohilo ndilo jina la shujaa Lwanda Magere, ingawa yeye ni wa Kano, upande wa mashariki ya Kisumu. Pili, watu wa Uyoma waliwahi kuijaribu ngao ya ngozi mbele ya bunduki, na tukio hilo lina mwaka wake katika historia.

2.0 Msamiati kama Ushahidi

Mtafiti wa Kiswahili ana shahidi ambaye mhunzi hana, naye ni neno. Tuyachunguze maneno matatu yanayotumiwa sana kutaja zana za kujikinga.

Neno la kwanza ni ngao. Hili ni neno la Kibantu cha tangu zamani. Waganda husema engabo, na katika Kinyarwanda ingabo ni ngao na vilevile ni jeshi. Mtawanyiko wa neno hili unatueleza kwamba ngao ilikuwa mali ya jamii za bara na za pwani kabla ya wageni wa baharini kuleta zana zao. Kwa Dholuo, lugha isiyo ya Kibantu, ngao ni kuot.

Neno la pili ni dirii, lenye asili ya Kiarabu, ambalo hutaja vazi la vita la kukinga kifua, hasa lile la pete za chuma zilizoshikana. Kiswahili kina pia deraya kwa maana iyo hiyo. Neno la tatu ni chapeo, yaani kofia ya vita, ambalo limetokana na neno la Kireno la kofia ya kawaida. Maneno haya mawili ya mwisho yaliimarishwa zaidi na tafsiri za Biblia. Msomaji wa Union Version ya mwaka 1952 hukutana nayo katika Waraka kwa Waefeso na katika kisa cha Daudi na Goliathi.

Ni bayana basi kwamba msamiati wetu una tabaka mbili. Kuna tabaka la wenyeji, ambalo ni la ngao inayoshikwa mkononi, na kuna tabaka la mkopo, ambalo ni la chuma kinachovaliwa mwilini. Mwandishi anayeandika kwamba shujaa wa Kano alivaa dirii na chapeo ameazima kutoka tabaka la pili bila kuuliza kama kitu chenyewe kiliwahi kufika Kano.

3.0 Malighafi na Adui

Zana ya kujikinga hujibu maswali mawili: kuna malighafi gani karibu, na adui anashika silaha gani? Ulinganisho na Ulaya ya zama za kati utatusaidia kulifafanua jambo hili.

Dirii ya pete ya Ulaya ilihitaji waya wa chuma uliokunjwa kuwa pete. Kila pete ilipitishwa ndani ya pete nne, kisha katika dirii nyingi ncha zake zilipondwa zikalaliana na kufungwa kwa kijisumari kidogo. Vazi moja lilikula makumi ya maelfu ya pete. Wanaounda dirii za maonyesho siku hizi huacha ncha za pete zikigusana tu bila kufungwa, kwa kuwa kazi hiyo ni nyepesi. Kwa mbali tofauti haionekani, lakini dirii ya namna hiyo huachia pete zake inapodungwa kwa mkuki. Baadaye, katika karne ya 14 na ya 15, vibamba vya chuma vilishika nafasi kubwa zaidi. Vazi kamili la vibamba la kupigania vitani lilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, uliogawanywa mwilini kiasi kwamba mvaaji aliweza kukimbia na kupanda farasi. Masimulizi kwamba shujaa wa Ulaya alipandishwa farasini kwa mtambo hayana msingi.

Ushahidi huu haukupatikana kwa kutazama picha pekee. Mwaka 1361, wakulima wa kisiwa cha Gotland walishindwa na jeshi la mfalme wa Denmark nje ya mji wa Visby, na wafu wengi wakazikwa kwa haraka katika makaburi ya pamoja, baadhi yao wakiwa na mavazi yao ya vita. Wanaakiolojia walipoyafukua katika karne ya 20, walikuta mifupa mingi ya miguu yenye alama za kukatwa. Kidonda kilieleza kile ambacho vazi peke yake lisingeeleza, yaani mahali ambapo kinga haikufika.

Pwani yetu ina ushahidi wake. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, walioandika habari za safari ile walitaja silaha za wenyeji: mishale, mikuki, panga chache, na ngao imara za majani ya mtende zilizofungwa kwa pamba. Hebu msomaji atafakari juu ya ngao hiyo. Kilwa ilikuwa mji wa biashara uliofahamiana na Uarabuni na Uajemi, na lugha yake ingeweza kulipata neno dirii bila shida. Hata hivyo, mikononi mwa watu wake Wareno waliona jani na pamba. Kuwako kwa neno katika lugha si hoja ya kutosha kwamba kitu chenyewe kilivaliwa na watu wengi.

Kwenye ukanda wa ziwa, ngao ya Waluo ilitengenezwa kwa ngozi nene, hasa ya nyati. Si kwamba chuma kilikosekana. Wahunzi wa Samia walisifika kwa majembe na silaha zao, na mkuki wa Mluo, yaani tong, ulikuwa na kichwa cha chuma. Chuma kilitumiwa kushambulia na kulima. Ngozi ilitumiwa kukinga. Mgawanyo huu una mantiki. Ngozi mbichi isiyolainishwa kwa dawa hukakamaa inapokauka ikiwa imewambwa, na ngao yake huweza kubebwa kwa mwendo mrefu wa miguu chini ya jua la ziwani. Ubora wa zana hupimwa kwa vita vyake, si kwa ung'avu wake.

4.0 Mwili wa Jiwe

Sasa turejee kwa Lwanda Magere. Kwa mujibu wa masimulizi, mikuki ya maadui wa Kano, ambao Waluo waliwaita Lang'o, haikuweza kumdhuru, kwani mwili wake ulikuwa kama jiwe. Maadui wakamwoza binti yao ili aichunguze siri yake. Siku moja Lwanda akiwa mgonjwa, alimwagiza mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili ili ampake dawa. Kivuli kikatoka damu. Mke akatoroka na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata kivuli kikadungwa mkuki, Lwanda akaanguka na kugeuka mwamba. Husemwa kwamba wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao kwenye mwamba huo.

Wahakiki wengi wamemlinganisha Lwanda na Fumo Liyongo, ambaye utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unasimulia kwamba aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Ulinganisho huo kwa kawaida huishia kwenye usaliti wa jamaa na udhaifu uliofichika. Kamba hukatikia pabovu, husema wahenga, na mhakiki huridhika hapo.

Tunapendekeza hatua moja zaidi. Kisasili hujenga ajabu yake juu ya mambo ambayo hadhira inayajua. Hadhira ya Kano iliijua ngao ya ngozi: ilijua kwamba hukinga upande mmoja, kwamba huchosha mkono, na kwamba mkuki uliotupwa kwa nguvu huweza kuipenya. Kwa watu hao, mwili usiohitaji ngao ulikuwa muujiza mkubwa. Aidha, ukanda huu uliyajua mawe kama kinga. Huko Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikisha zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na makazi hayo ni ya tangu karne ya 16. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Hatudai kwamba kisasili cha Lwanda kilitokana na kuta hizo. Tunachosema ni kwamba jiwe lilikuwa kinga ya boma zima, na kisasili kikalihamishia kwenye mwili wa mtu mmoja.

Mvishe Lwanda dirii ya chuma, na ajabu hiyo hutoweka mara moja. Mkuki ukidunda, mtazamaji atasema ni chuma kimeukinga. Kivuli nacho hupoteza maana, maana nguvu ya kisa imo katika tofauti kati ya mwili mgumu kuliko ngao yoyote na kivuli kisichoweza kukingwa kwa ngao yoyote. Kosa la vazi limekuwa kosa la maana.

5.0 Uyoma, 1899

Kuna sababu nyingine ya kuihifadhi ngao katika umbo lake halisi. Mwaka 1899, majeshi ya Waingereza yalizivamia Seme, Sakwa na Uyoma, na yakateka ng'ombe wapatao 2,500 pamoja na mbuzi na kondoo wapatao 10,000. Ngozi ya nyati haikuumbwa kuzuia risasi. Vibamba vya chuma vya Ulaya pia vilishindwa na silaha za moto, vikaachwa hatua kwa hatua katika karne ya 16 na ya 17. Mtu anayeigiza upinzani wa Uyoma kwa ngao ya bati lililopakwa rangi huwanyima watazamaji fursa ya kuona jinsi pande hizo mbili zilivyokuwa mbali, na hivyo huupunguza ushujaa wa waliosimama upande mmoja.

6.0 Hatua za Utafiti

Kwa mwanafunzi anayetaka kuunda upya ngao au vazi la vita kwa ajili ya jukwaa au maonyesho, tunapendekeza hatua zifuatazo:

(i) Ataje jamii, mahali na kipindi. "Ngao ya Kiafrika" si jibu.

(ii) Akitafute kitu chenyewe. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ni mahali pazuri pa kuanzia. Picha zilizopigwa na E. E. Evans-Pritchard miongoni mwa Waluo mwaka 1936, zilizohifadhiwa na Pitt Rivers Museum mjini Oxford, nazo ni hazina. Hata hivyo, akumbuke kwamba picha ya sherehe si picha ya vita.

(iii) Aende kwa watu. Katika tero buru, sherehe ya kukifukuza kifo baada ya mazishi ya mzee, mikuki na ngao zimekuwa sehemu ya tambiko. Wazee wanaoijua wataeleza jinsi ngao inavyoshikwa, jambo ambalo kabati la makavazi haliwezi kulionyesha. Aombe ruhusa kwanza, kwani matanga si maonyesho.

(iv) Aandike majina kwa lugha ya wenyewe kabla ya kuyatafutia visawe vya Kiswahili. Kuot ni ngao; dirii siyo.

(v) Aseme wazi mahali alipobadilisha. Nyati analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kwa hiyo atatumia ngozi ya ng'ombe. Hilo si aibu, mradi maelezo ya onyesho yaseme hivyo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno, kitu na mkono wa mtumiaji ni mashahidi watatu wanaopaswa kusikilizwa pamoja. Neno peke yake lingetuvalisha dirii huko Kano. Kitu peke yake hakina masimulizi. Na masimulizi bila kitu hugeuka kuwa ajabu isiyo na kipimo. Ni changamoto kwetu wanafunzi wa Kiswahili kwamba kabla ya kumtafsiri au kumwigiza shujaa mwingine wa bara, tuulize kwanza alishika nini, kilitengenezwa kwa nini, na adui yake alikuja na nini. Wazee wanaoweza kutujibu hawatakuwapo siku zote, na ngao ya ngozi ikishaliwa na wadudu hairudi. Tuanze kuuliza sasa.