Panya wa Jangwani na Mtego Usioua

Sisi wakulima tutegapo panya, nia yetu ni afe, maana amekula akiba ya ghalani. Lakini wako watu wamkamatao panya, wakamhesabu, kisha wakamwachia pale pale alipokamatwa. Yafaa tueleze sababu.

Katika jangwa lililo karibu na Portal, jimbo la Arizona, nchi ya Marekani, mtaalamu James H. Brown na wenzake walianza kazi hiyo mwaka 1977. Walipima viwanja 24, kila kimoja meta 50 kwa meta 50, wakavizungushia ua wa waya. Katika nyua nyingine waliacha vitundu vipana, panya wote wapite. Katika nyingine vyembamba, wapite wadogo tu. Aliyezuiwa ni yule mkubwa arukaye kwa miguu ya nyuma, aitwaye panya kangaruu. Mnyama huyu ni wa ajabu: aweza kuishi kwa mbegu kavu pasipo kunywa maji, na mbegu hizo huzichukua katika vifuko vya mashavuni.

Kila kiwanja kilitegwa mitego 49, safu 7 za mitego 7. Mtego wenyewe ni kisanduku cha bati jepesi chenye chambo cha nafaka. Panya akikanyaga kibati cha ndani, mlango hujifunga nyuma yake. Walitega jioni, katika siku za giza mwezi ukaribiapo kuandama, kwa kuwa panya hao huogopa mbalamwezi, wasije wakaonekana na bundi.

Basi kazi ngumu ni ya asubuhi. Jua la jangwani likipanda, kisanduku huwa kama tanuri, na panya aliyesahauliwa humo hufa. Mtegaji mvivu wa kuamka hapotezi panya mmoja tu; hesabu ya mwezi ujao itapungua, wala hatajua kama ni jangwa lililoipunguza au ni yeye. Kwa hiyo huzunguka mapema, akamtia kila panya mfukoni, akampima uzito, akamwekea alama, akamwachia.

Hesabu hizo zilizaa jambo lisilotazamiwa. Mwaka 1990 Brown na Edward J. Heske walitangaza kwamba, miaka 12 baada ya panya kangaruu kuondolewa, nchi ya vichaka ilikuwa ikigeuka kuwa mbuga ya majani marefu. Panya hao walikuwa wakila mbegu na kufukua udongo; walipokosekana, majani yakapata nafasi. Naye mtu apitaye huko mchana hamwoni hata mmoja, maana hulala mashimoni.