Mmea Uhifadhio Maji na Tatizo la Jina: Istilahi za Mimea ya Juu ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoipa majina mimea ihifadhiyo maji. Inadai kuwa jina litokanalo na tabia ya mmea hudumu kuliko lile linalofuata uainishaji wa kisayansi.

1.0 Utangulizi

Kutoka mji wa Moshi, ulio kwenye mwinuko usiofika mita 1,000, mpanda mlima hupita migomba na kahawa, kisha msitu, hadi nyika baridi ya mchanga na majivu ya volkano iliyo karibu mita 4,000. Huko maji huganda usiku na jua huchoma mchana. Mimea miwili mikubwa huyamudu mazingira hayo: Lobelia deckenii na Dendrosenecio kilimanjari.

2.0 Mzizi -buyu

Mmea uhifadhio maji unaofahamika zaidi kwa Waswahili ni mbuyu, ambao shina lake limejaa maji. Mzizi wake umezaa maumbo manne: mbuyu (mti), buyu (tunda), ubuyu (ungaunga wa tunda) na kibuyu (chombo cha kutilia maji). Ni dhahiri kuwa dhana ya kuhifadhi maji imo katika mzizi huu, lakini imejengwa juu ya ganda la tunda, wala si juu ya shina. Lugha imetaja kile ambacho mkono wa mtu ulikitumia.

3.0 Mimea isiyotumiwa

Mimea ya juu mlimani haikuwa karibu na makazi ya watu kama mbuyu. Waongozaji wa watalii huitaja kwa maneno ya kutoholewa, yaani lobelia na senesio. Lobelia haina utata: hukaa katika ngeli ya 9/10, na kisayansi jina hilo lingali linatumika. Senesio ina kasoro. Mwaka 1978 B. Nordenstam aliitenga mimea hiyo na jenasi ya Senecio, akaiweka katika jenasi ya Dendrosenecio. Hivyo neno lililotoholewa limebaki likibeba uainishaji ulioachwa.

4.0 Pendekezo

Kiswahili kina mfano wa njia nyingine. Kifaurongo ni mmea ukunjao majani uguswapo. Jina limeundwa kwa kitenzi na nomino kueleza tabia hiyo. Tabia kuu ya Dendrosenecio ni kutoangusha majani yaliyokauka. Majani hayo hulivika shina na kuyakinga maji yaliyo ndani yake yasigande usiku, ili yapande kwenye majani mabichi asubuhi, ardhi ikiwa bado baridi. Kwa kigezo hicho, mvaamajani lingefaa, likichukua upatanisho wa ngeli ya 3/4: mvaamajani huu, mivaamajani hii. Kuuita "mbuyu wa mlimani" kungepotosha, kwani hauna buyu wala ubuyu.

Hata hivyo, uundaji usitangulie utafiti. Neno sale (wingi masale), la mmea ambao Wachaga huutumia kuweka mipaka na kuomba msamaha, limeingia katika Kiswahili cha Moshi kutoka Kichaga bila kamati yoyote. Kwa hiyo wazee wasemao Kimachame, Kivunjo na Kirombo, pamoja na wapagazi, waulizwe kwanza.

5.0 Hitimisho

Istilahi si kibandiko cha kubandika juu ya kitu. Mwanafunzi wa Moshi akiambiwa senesio, hukariri sauti. Akiambiwa mvaamajani, huanza kuuliza kwa nini mmea uvae majani. Swali hilo ndilo mwanzo wa elimu ya mimea kwa Kiswahili.