Katika Kupanda Bustani ya Vipepeo Chuoni

Ama baada. Watu wengi watakapo bustani ya vipepeo hupanda maua, kisha wakaketi kungoja. Vipepeo huja, wakanywa, wakaenda zao, na mwalimu akabaki hana la kuwaonyesha watoto. Sababu yake ni kuwa maua ni ya kipepeo mzima. Ama mtoto wake, naye ni kiwavi, chakula chake ni majani, wala hali majani yoyote ila ya miti ya namna yake.

Basi mwenye kuipanga bustani na aanze na mti wa kuliwa, ndipo afuatishe maua. Kwa miji yetu ya pwani ulio mwepesi ni mndimu. Yuko kipepeo mkubwa mweusi, mwenye madoa ya manjano, atagaye mayai yake moja moja juu ya majani machanga ya mndimu na mchungwa. Kiwavi atokapo yaini hufanana na mavi ya ndege, na kwa hila hiyo ndege humpita. Akikua huwa kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe ya panda, rangi ya chungwa, yenye harufu kali. Kisha hujifunga kijitini akawa kifuko, hali wala hatembei, hata atoke kipepeo.

Hapa ndipo penye uzito. Mwenye mti huona majani yametobolewa, akaamrisha viwavi wauawe. Na mtoto aliyeyahesabu mayai jana, leo aambiwa awaponde. Mimi naona ipandwe mindimu miwili, mmoja wa ndimu na mmoja wa viwavi (sisemi wakfu wa kisheria!), wala dawa ya wadudu isipulizwe karibu.

Wala hili si mchezo. Huko Gede, karibu na Malindi, ilianzishwa mwaka 1993 kazi iitwayo Kipepeo. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao wengi wao walitamani ukatwe wapate mashamba, wakafuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na vifuko vikauzwa Ulaya kwa nyumba za maonyesho. Hivyo msitu uliosimama ukawa na bei.

Chuoni, kila mtoto apewe yai moja la kulitazama na daftari, aandike siku lilipoonekana na siku lilipoanguliwa. Na ambaye kiwavi wake ameliwa na ndege, aliandike hilo vile vile.