Nusu ya Kijiko

Mtoto akihara sana, maji ya mwili wake hupungua, naye aweza kufa. Mama humtengenezea kinywaji: litri 1 ya maji safi, vijiko 6 vya sukari na nusu ya kijiko cha chumvi. Tumia kijiko cha chai.

Usipime chumvi kwa vidole. Vidole vya baba si sawa na vya mtoto, na chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa.

Jaza kijiko chumvi. Pitisha kisu juu yake, ya ziada ianguke. Mimina iliyobaki katika sahani kavu, uigawe mafungu mawili yaliyo sawa. Tia fungu moja tu. Sukari nayo ipitishiwe kisu.

Kisha mpelekeni mtoto dispensari.

Maulizo
1. Kwa nini tunapitisha kisu juu ya kijiko?
2. Utapataje robo ya kijiko?