Katuni ya waogeleaji na bwawa lililo nyuma ya shule

WAZAZI wengi wa mijini wanapowakuta vijana wao wameinamia simu wakitazama katuni za Kijapani, yaani anime, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hupita wakisema hayo ni mambo ya watoto, ama huipokonya simu. Wote wawili, aliyepita na aliyepokonya, hawajui mtoto alikuwa akitazama nini. Leo nataka tuichukue anime moja tu, ambayo nimeitazama sehemu zote 12 za msimu wake wa kwanza nikiwa nimekaa na mpwa wangu wa kidato cha pili, tuidurusu kama tunavyodurusu kitabu: kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

Anime hiyo inaitwa Free! Ilitengenezwa na studio ya Kyoto Animation ya Japani, ikaanza kuonyeshwa katika televisheni za huko mwezi Julai 2013, mwongozaji akiwa mwanamama Hiroko Utsumi. Ilifuatiwa na misimu mingine mwaka 2014 na 2018, na filamu za kuhitimisha mwaka 2021 na 2022. Huenda msomaji akalikumbuka jina la studio hiyo kwa jambo jingine. Julai 2019 mtu mmoja aliimwagia petroli na kuichoma moto, wakafa watu 36. Miongoni mwao alikuwamo Futoshi Nishiya, aliyebuni michoro ya wahusika wa katuni hii tunayoizungumzia.

Kisa chenyewe si kigumu. Watoto wanne wa shule ya msingi katika mji mdogo wa pwani uitwao Iwatobi wanashinda mashindano ya kuogelea kwa kupokezana, kisha wanatawanyika. Mmoja wao, Rin, anakwenda Australia kutafuta ubingwa. (Mji huo ni wa kubuni, lakini mandhari yake ni ya Iwami, katika mkoa wa Tottori, pwani ya Bahari ya Japani.) Miaka inapita, watatu waliobaki wanakutana tena sekondari. Yupo Haruka, mkimya asiyejali kushinda wala kushindwa, ambaye haogelei mtindo wowote ila mtindo huru. Yupo Makoto, mpole anayewalea wenzake kama kaka mkubwa. Na yupo Nagisa, mcheshi wao. Shule yao ina bwawa, lakini limetelekezwa, limeota majani na kufanya nyufa. Vijana wanaanzisha klabu, wanang'oa majani, wanaziba nyufa kwa mikono yao. Rin naye amerudi, ila yuko shule nyingine, tena yenye bwawa la ndani la kisasa, na moyoni amejaa kinyongo.

Nianze na la kuacha. Watengenezaji walijua fika kwamba watazamaji wao wengi watakuwa wasichana, wakachora kwa hesabu hiyo. Miili ya vijana inaonyeshwa kwa muda mrefu kuliko kisa kinavyohitaji, na mdogo wake Rin wa kike, Gou, ambaye ndiye meneja wa klabu, nusu ya kazi yake ni kushangaa misuli. Hili lisemwe wazi. Sisi tumezoea kuzungumzia stara kana kwamba ni mzigo wa wanawake peke yao, ilhali mwanamume naye ana mpaka wake, kitovu hadi goti kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, na binti naye ameamrishwa kuinamisha macho. Mzazi mwenye mabinti alizingatie. Hata hivyo, mambo ya chumbani na umwagaji damu, ambavyo vimejaa katika anime nyingine nyingi, katika msimu huo sikuviona.

Tuje kwenye la kuchukua. Kwangu mimi mhusika mwenye faida kubwa si Haruka anayepita majini kama samaki. Ni Rei. Huyu ni kijana wa miwani, mruka kwa upondo, anayeamini kwamba kila jambo lina hesabu yake. Anabembelezwa ajiunge na klabu ili watimie wanne wa kupokezana. Hakuwaambia wenzake kwamba hajui kuogelea. Walijua alipojitosa bwawani mbele ya timu ya kina Rin, akazama kama jiwe. Baadaye anasoma vitabu, anajifunza nadharia yote, na bado anazama. Wenzake wanamfundisha kwa zamu mtindo mmoja baada ya mwingine, vyote vinagoma, mpaka anapojaribu kipepeo, mtindo ambao wengi wanauogopa, ndipo maji yanapomkubali.

Lakini aibu haikumtoka. Wanapokwenda kambini baharini anaona anawarudisha wenzake nyuma, basi usiku, kwa siri, anaingia baharini peke yake kufanya mazoezi. Dhoruba inamkuta humo. Makoto anajitosa kumwokoa, na katikati ya mawimbi mwili wake unakataa, kwa sababu Makoto huyu, mwogeleaji hodari, anaogopa bahari tangu utotoni. Mvuvi mzee aliyekuwa rafiki yake alifia humo. Baba yake Rin naye alikufa chombo kilipozama. Hapa nilimsimamishia mpwa wangu picha nikamuuliza, ni nini hasa kilichomtia Rei hatarini? Akajibu, dhoruba. Nikamwambia hapana, dhoruba ilimkuta tayari yumo. Kilichompeleka mle usiku ni kuona haya kuwa mwanafunzi mbele ya wanaojua. Ni wangapi miongoni mwa vijana wetu wanaoingia majini sikukuu ya Idi kwa sababu hiyo hiyo?

Mwisho wa msimu una jambo ambalo siliungi mkono. Katika mashindano ya kanda, Rei anajitoa, anampa Rin nafasi yake ili marafiki wa zamani waogelee pamoja. Wanaogelea vizuri sana, kisha wanaondolewa mashindanoni, kwa kuwa Rin si wa shule yao. Mpwa wangu alitokwa na machozi. Kujitolea kwa Rei ni jambo adhimu, lakini wale wengine walikuwa na ahadi na shule iliyowatuma na mwalimu aliyewasimamia, na kuivunja kanuni makusudi halafu kushangiliwa kwa muziki mtamu si adabu ya kufundisha. Tulibishana sana na kijana, naye hajakubali.

Swali alilouliza katikati ya ubishi huo ndilo lililonipa kalamu. Mjomba, iweje shule ya kawaida katika mji wa wavuvi iwe na bwawa la kuogelea?

Jibu lake halimo ndani ya katuni, kwa sababu Mjapani hahitaji kuambiwa. Alfajiri ya... hapana, haikuwa alfajiri, ilikuwa asubuhi yenye ukungu mzito, tarehe 11 Mei 1955, kivuko Shiun Maru kiligongana na kivuko kingine karibu na Takamatsu, katika bahari ya ndani ya Seto. Walikufa watu 168. Kati yao 100 walikuwa wanafunzi waliokuwa katika safari za shule, na wengi wa hao ni wasichana. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, katika mji wa Tsu, wasichana 36 wa shule moja walikufa maji wakiwa katika somo lenyewe la kuogelea ufukweni. Nchi iliyokuwa bado inajikongoja baada ya vita haikuishia kwenye rambirambi. Shule zilianza kujenga mabwawa yao wenyewe, mwaka 1961 ikaja sheria ya kuendeleza michezo na fedha za serikali zikasaidia ujenzi, na kuogelea kukawa sehemu ya masomo kama hesabu na kuandika. Bwawa lililo nyuma ya shule ya kina Haruka limetokana na misiba hiyo.

Kuna somo jingine ambalo kwa msomaji wa gazeti hili naliona ni kubwa kuliko hilo la mabwawa. Shule nyingi za Japani huwaingiza watoto majini wakiwa wamevaa nguo zao zote pamoja na viatu. Hoja yao ni nyepesi: anayetumbukia mtoni au anayezamiwa na chombo hakuvaa nguo za mashindano. Mtoto hafundishwi kukimbilia ufukweni. Hufundishwa kulala chali, kujaza pumzi kifuani, kuacha viatu vimsaidie kuelea, kukumbatia chupa tupu ya plastiki akirushiwa, na kungoja. Wana neno lake, uitemate, maana yake elea usubiri.

Sasa sisi. Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, Skagit mwaka 2012, Nyerere mwaka 2018. Kila mara tuliswalia, tulichangishana, tukaunda tume. Mwenye haki atasema waliobanwa ndani ya meli iliyopinduka kuogelea kusingewafaa kitu, na kwamba kosa la kwanza ni kujaza chombo kupita kiasi. Kweli. Lakini walikuwapo pia waliofika juu ya maji wakiwa hai, na kwa hao dakika chache za kuelea zilikuwa na uzito wake.

Kauli ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, ambayo hunasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.), tunaisikia mno kwenye mihadhara. Udhuru tunaoutoa kwa mabinti ni wa mavazi. Udhuru huo una jibu, tena halihitaji kwenda Japani kulitafuta. Nungwi, kaskazini ya Unguja, bahari ile ile ilipozama Spice Islander, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kujiokoa wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima.

Bwawa la mita 25 ni gharama. Hata huko Japani siku hizi shule nyingi zinayafunga ya kwao kwa kuwa yamechakaa na matengenezo ni ghali, zinawapeleka watoto kwenye mabwawa ya jirani. Elea usubiri haihitaji bwawa. Madrasa iliyo karibu na ufukwe inaweza kuanza na watoto kumi kwa wakati, asubuhi bahari ikiwa shwari, maji yasizidi kiuno, mtu mzima anayejua kuogelea yumo majini pamoja nao na mwingine yuko nchi kavu na kamba, wasichana siku yao na mwalimu wao wa kike. Nguo ni zile zile walizokuja nazo chuoni, na chupa tupu za plastiki zimejaa tele ufukweni.