Tangazo la mtandaoni nalo liingie daftarini

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wadogo wengi huuzingatia usemi huo wanapohesabu bei ya kununulia bidhaa, kodi ya fremu na nauli ya kufuata mzigo Kariakoo. Lakini inapofika kwenye matangazo ya mitandao ya kijamii, daftari huwekwa kando. Badala yake huhesabiwa wafuasi na alama za kupenda, zile ambazo vijana huziita "laiki".

Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na ukurasa unaosifiwa mji mzima huku mtaji wake ukipungua mwezi hadi mwezi bila mwenyewe kufahamu. Somo la wiki hii linahusu namna ya kuupima utangazaji huo kwa kipimo kile kile cha gharama nyingine zote za biashara: baada ya kuitoa gharama yake, kimebaki nini?

Si bure kama inavyodhaniwa

Kabla ya simu za kisasa kuenea, mwenye duka dogo alitegemea kibao cha mlangoni, sifa za mdomo na, kwa mwenye uwezo, tangazo la redio. Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. Huduma za fedha kwa simu, ikiwamo M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zikapunguza kikwazo cha malipo. Leo mteja aliye Mbeya huona mashuka yaliyoko Dar es Salaam asubuhi, akalipa mchana, na mzigo ukapandishwa basi.

Kwa kuwa kubandika picha hakulipiwi, wengi hudhani utangazaji wa aina hii ni wa bure. Sivyo. Kuna bando, kuna malipo ya kulisambaza tangazo kwa watu wengi zaidi, kuna muda wa kujibu maswali na, mara nyingi, kuna nauli ya bodaboda ambayo muuzaji huibeba mwenyewe ili kumvutia mteja.

Mfano wa mashuka

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayeuza mashuka. Seti moja huinunua kwa Sh 28,000 na kuiuza kwa Sh 40,000. Anampelekea mteja kwa gharama yake, Sh 2,000. Hivyo kila seti humwachia Sh 10,000 kabla ya kutoa gharama ya tangazo.

Wiki ya kwanza alitumia Sh 60,000 kusambaza tangazo na Sh 10,000 za bando. Tangazo lilikuwa na picha nzuri ya kitanda na maneno "Mzigo mpya umeingia, bei njoo inboksi". Lilipata alama za kupenda 900. Watu 75 waliuliza bei, wanne wakanunua. Mashuka yalimwachia Sh 40,000, tangazo na bando vikala Sh 70,000. Hasara ni Sh 30,000.

Wiki ya pili alitumia fedha zile zile. Safari hii aliandika bei, vipimo vya shuka, rangi zilizopo, mahali duka lilipo na maeneo anayopeleka bila malipo. Alama za kupenda zilikuwa 110 tu. Watu 25 waliuliza, 11 wakanunua. Mashuka yalimwachia Sh 110,000. Baada ya kutoa Sh 70,000, alibaki na Sh 40,000.

Anayepima kwa alama za kupenda atasema tangazo la kwanza lilifanya vizuri mara nane ya la pili. Daftari linasema la kwanza lilikula mtaji. Katika la kwanza, kumpata mnunuzi mmoja kuligharimu Sh 17,500, wakati mnunuzi huyo alimwachia muuzaji Sh 10,000 tu. Katika la pili, kila mnunuzi aligharimu takriban Sh 6,400.

Hapo ndipo penye kanuni: gawanya gharama yote ya tangazo kwa faida inayobaki katika bidhaa moja. Mama huyu, 70,000 kwa 10,000, anahitaji wanunuzi saba ili tangazo lirudishe fedha yake. Faida huanza kwa mnunuzi wa nane. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kulipia tangazo, si baada.

Bei iwekwe wazi

Wauzaji wengi huficha bei kwa kuhofia washindani au kwa kutaka nafasi ya kupatana. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani mshindani naye anaweza kuuliza bei kama mteja mwingine yeyote. Mwenye kupoteza ni muuzaji, ambaye hushinda akijibu watu wasio na uwezo wa kununua, huku mwenye fedha mkononi akihamia kwa mwingine. Njia ya kati ni kuandika bei ya rejareja na kuacha ya jumla kwa mazungumzo, ikitajwa idadi ambayo bei ya jumla inaanzia.

Jambo la pili ni uaminifu. Wanunuzi wengi wa mtandaoni wanahofia kutapeliwa. Hivyo picha ziwe za mzigo uliopo dukani, si zilizochukuliwa kwenye kurasa za wengine. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa lipa namba lifanane na jina la biashara. Masharti ya kubadilisha bidhaa yenye kasoro nayo yaandikwe mapema.

Ukurasa ni wa kupanga

Jambo la tatu husahaulika hata na wenye mauzo mazuri. Ukurasa wa mtandaoni ni kama fremu ya kupanga: mwenye nyumba anaweza kubadili masharti au kufunga mlango. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Nchini Tanzania, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025. Aidha, zipo kurasa zinazoibwa na matapeli au kufungwa na kampuni zinazoendesha mitandao hiyo. Mfanyabiashara ambaye wateja wake wote wanaishi ndani ya ukurasa huwapoteza siku moja na ukurasa wenyewe.

Dawa yake ni daftari la wateja: jina, namba ya simu, alichonunua, tarehe, na alikotokea. Swali "umetupata wapi?" aulizwe kila mteja, kwa kuwa ndilo linaloonyesha tangazo lipi lilizaa mauzo. Faida nyingine ni kwamba mteja anayerudi hahitaji kutangaziwa upya. Wateja watatu kati ya wale 11 wakirudi mwezi ujao, ni Sh 30,000 zisizodaiwa gharama ya tangazo.

WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, husaidia hapa. Ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, majibu ya haraka na alama za kutenganisha mteja mpya na yule aliyekwisha kulipa. Ikumbukwe kwamba ujumbe wa orodha ya matangazo huwafikia tu wale waliohifadhi namba ya muuzaji, hivyo mteja aombwe kuihifadhi siku ile ile anaponunua.

Hata hivyo, namba ya mteja si mali ya kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za aina hiyo. Mteja aombwe ridhaa kabla ya kutumiwa matangazo au picha yake kubandikwa, na asiyetaka aondolewe kwenye orodha.

Kwa anayeanza, ni vyema kutenga kiasi kidogo, kujaribu matangazo mawili ya bidhaa moja kwa gharama sawa, kisha kufunga hesabu mwisho wa wiki. Lililoleta wanunuzi liongezewe fedha, na lililoleta sifa tu lisimamishwe hata kama linapendeza machoni. Mfanyabiashara hulipa kodi ya fremu na kununua mzigo mpya kwa fedha iliyobaki daftarini, wala hakuna mwenye nyumba anayepokea laiki.