Mlango wa Fundi wa Saa
Somo: Mithali 24:11-12

Hitler na Wanazi waliua Wayahudi milioni 6. Ujerumani ilijaa makanisa, lakini Wakristo wengi walinyamaza.

Kule Haarlem, Uholanzi, mzee Casper ten Boom, fundi wa saa aliyempenda Mungu, aliwafungulia Wayahudi mlango wake. Februari 1944 alikamatwa akiwa na miaka 84, akafia kifungoni. Binti yake Betsie akafia kambi ya Ravensbrück. Lakini watu 6 waliofichwa nyuma ya ukuta siku ile hawakupatikana.

Najiuliza: jirani yangu akitishwa kwa sababu ya kabila lake, nitafungua mlango ama nitaongeza tu sauti ya redio? Mstari wa 12 unanifunga mdomo. Mungu hapokei kisingizio cha "sikujua". Tuombe ujasiri.